Nilikwenda kumzika mama, nimerudi nyumba yangu imeandikwa "jengo tupu"

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwenyeji wa Tanga, huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa Marekani, katika mji mmoja wa majimbo ya kaskazini ambako theluji inaanza Novemba na kuondoka inapojisikia. Nafanya kazi ya kuwatunza wazee, mume wangu anaendesha lori la masafa marefu. Watoto wameshaolewa wakahama. Tuna nyumba yetu ya mbao, ya zamani, yenye besimenti, tuliinunua mwaka 2014 na benki bado tunailipa.

Novemba mama yangu alianguka bafuni, nikapanda ndege nikidhani naenda wiki tatu. Nimekaa miezi minne na nusu. Aliugua, akafariki mwezi wa kwanza, tukasubiri arobaini, halafu yakaja ya mirathi, na ndugu wakikaa kwenye mirathi wewe mwenyewe unajua. Mume wangu alikuja kuzika, akakaa hadi arobaini, kisha akarudi moja kwa moja barabarani. Nyumbani alikuwa akipita usiku mmoja mmoja, siku nyingine analala kwenye lori. Funguo tulimwachia kijana wetu, mtoto wa dada yake mume wangu, anasoma chuo mji huohuo. Kazi zake zilikuwa tatu tu: achukue barua, asafishe theluji njiani mbele ya nyumba, awashe taa mara mojamoja. Kabla sijaondoka fundi alinishauri nifunge maji yasije yakaganda yakapasua mabomba, nikafunga. Gesi ya joto nikaiacha kiwango cha chini.

Nimerudi mwishoni mwa Machi. Teksi imenishusha saa nne usiku, nakuta mlangoni karatasi ya rangi ya chungwa imebandikwa kwa gundi. Dirisha la besimenti limezibwa kwa plaiwudi na skrubu ambazo si zetu. Sanduku la barua limejaa mpaka kifuniko hakishuki. Kuna barua tatu za mji. Mbili za kwanza zinasema tusafishe theluji na tutengeneze dirisha. Ya tatu inasema jengo limesajiliwa rasmi kuwa tupu, na tunadaiwa ada ya mwaka, zaidi ya dola 2,000, pamoja na gharama za kusafisha theluji na kuziba dirisha. Hiyo ya tatu ina tarehe ya siku sita kabla sijafika.

Shangazi, nililia palepale kibarazani na mabegi yangu. Sufuria zangu ziko jikoni! Kitanda kimetandikwa! Nyumba tupu vipi? Asubuhi nikapiga simu. Mkaguzi akanijibu kwa upole kwamba mita ya maji ilisoma sifuri kwa miezi, jirani alilalamika mara mbili, na dirisha lilikuwa limevunjika kiasi kwamba yeyote angeingia.

Mume anasema tulipe yaishe, hatuwezi kushindana na serikali ya watu. Mimi moyo unakataa. Wenzangu msikitini wananitisha kwamba nyumba itachukuliwa. Na tangu juzi tumepata postikadi nne za watu wanaotaka kuinunua kwa fedha taslimu, mmoja amepiga simu akamtaja mume wangu kwa jina. Kijana naye tangu nirudi hapokei simu. Tulipe? Nyumba inaweza kuchukuliwa kweli? Na huyu kijana nimfanye nini?

Mama wa Tanga, ughaibuni


Marahaba mwanangu. Pole sana kwa mama, Mungu amlaze pema.

Wasomaji wajue kwanza kwamba barua hii iliponifikia sikungoja zamu ya safu. Nilimjibu usiku uleule kwa maneno machache: kesho asubuhi, kabla ya kazi, peleka rufaa, hata kama ni karatasi moja yenye mstari mmoja, "napinga". Alifanya hivyo, imepokelewa, na shauri lake litasikilizwa wiki mbili zijazo. Nimeanza na hilo kwa sababu katika miaka yangu ya kukalimani kwenye vyumba vya kusikilizia rufaa za namna hii, nimeona wengi wenye haki wakirudishwa mlangoni kwa kuchelewa siku moja. Siku zenyewe ni chache mno. St. Paul, Minnesota, kwa mfano, unapewa siku 10 na unalipa dola 25 za kufungua rufaa. Miji mingine ina hesabu yake, na hesabu hiyo huandikwa nyuma ya karatasi kwa herufi za sisimizi. Watu wetu wakipata barua ya serikali husoma jumla ya deni, wakashtuka, wakaiweka juu ya friji. Ukurasa wa nyuma hawaufungui.

Hukuutaja mji wako, na umefanya vyema. Nami sitaubahatisha. Nitakupa mifano ya miji ninayoijua sheria zake, wewe uilinganishe na barua yako.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo wewe na mumeo mnapotofautiana na wote wawili mmekosea kidogo. Wewe unataka kwenda kuwaambia, "Hii ni nyumba yangu, mimi naishi hapa, nilikwenda kumzika mama yangu." Ni kweli tupu, na msikilizaji wa shauri, yaani afisa anayesikiliza rufaa, atakupa pole, lakini pole haifuti jina lako kwenye orodha. Kwetu pwani tunajua tofauti ya nyumba iliyofungwa na gofu. Nyumba ya Mzee fulani pale Ngamiani, Tanga, inaweza kufungwa mwaka mzima, mwenyewe yuko Muscat, na hakuna mtu atakayeiita gofu maana kuna komeo, kuna bati, na kuna jirani mwenye ufunguo. Gofu ni lile lisilo na mlango, mbuzi wanaingia na kutoka. Sheria za miji ya Marekani nazo, ukizisoma vizuri, nyingi zinatafuta gofu. Nyumba iliyofungwa haiwahusu sana.

Chukua hiyo ya St. Paul. Haisemi kwamba nyumba isiyolaliwa na mtu ni jengo tupu. Inasema ni jengo lisilokaliwa na ambalo liko wazi. Au lisilokaliwa na ambalo limefungwa kwa njia isiyo ya kawaida. Au lisilokaliwa na ambalo ni hatari, au limepigwa marufuku kukaliwa, au lina makosa kadhaa ya ujenzi. Au lisilokaliwa kwa zaidi ya siku 365, na katika muda huo mji ukatoa amri ya kuondoa kero. Umeiona hiyo "na"? Kesi yako yote imelala juu ya neno hilo. Wale wazungu wastaafu wanaokwenda Florida na Arizona kila baridi, wanafunga nyumba Novemba wanafungua Aprili, mbona hawabandikwi karatasi ya chungwa? Kwa sababu wao wana mguu mmoja tu wa sheria: hawapo. Mguu wa pili hawana, maana wamemlipa mtu wa theluji na vioo vyao ni vizima.

Wewe ulikuwa na miguu yote miwili. Hukuwapo, na dirisha lilikuwa limevunjika. Tena ona kinyume kilivyo: mji wenyewe ulipoziba dirisha kwa plaiwudi ukakutengenezea mguu mwingine, kwa sababu plaiwudi yenye skrubu ndiyo hiyo "njia isiyo ya kawaida" ya kufunga nyumba. Nikisoma sheria hizi huwa nacheka peke yangu, lakini kwa mwenye nyumba si kichekesho.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuukata mguu wa pili, kabla ya siku ya shauri. Mtafute fundi wa vioo wiki hii. Toa plaiwudi, weka kioo, na risiti iandikwe anwani ya nyumba, si "dirisha" tu. Piga picha kabla na baada, kutoka mahali palepale aliposimama mkaguzi, ili picha zenu mbili zikiwekwa mezani zifanane pembe. Hii ni hila ndogo niliyoiona ikifanya kazi mara nyingi kuliko hotuba. Mkaguzi akileta picha ya Februari yenye kioo kilichopasuka na vumbi la theluji ndani, wewe unaweka ya Aprili pembeni, dirisha lilelile, pazia nyuma yake, na hakuna aliyebaki na la kubishania.

Kazi ya pili ni huo mguu wa kwanza, wa kwamba hapakaliwi. Na hapa wanakuja na mita ya maji. Usiikatae, ilisoma sifuri kwa sababu uliifunga wewe. Sema hivyo kabla hawajakusemea. Katika nchi ya baridi kufunga maji unapoondoka ndivyo mwenye nyumba anayejali anavyofanya, na kila fundi bomba wa mji wako atakushuhudia. Kisha weka bili za gesi na umeme za miezi yote minne. Nyumba iliyotelekezwa hailipiwi gesi ya kupashwa joto Januari. Weka tiketi ya ndege ya kwenda na ya kurudi, na hasa tarehe uliyonunua ya kurudi. Weka pasipoti ukurasa wenye mihuri, cheti cha kifo cha mama kutoka RITA, ile ofisi ya Tanzania ya kusajili vizazi na vifo, barua ya mwajiri kwamba ulipewa ruhusa na umerudi kazini, na bima ya nyumba iliyokuwa hai muda wote. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na sidhani walikuwa wakiifikiria Marekani, ila wangekuwa wamepatia.

Kuna karatasi moja ambayo wengi huisahau, nami naipenda kuliko zote. Majimbo mengi humpunguzia kodi ya nyumba mtu anayeishi katika nyumba yake mwenyewe. Angalia barua ya kodi ya nyumba. Kama mmeandikwa humo kwamba mnakaa hapo, basi kaunti imewatambua kwa maandishi kuwa wakazi wa nyumba ileile ambayo mji unaiita tupu. Kaunti na mji ni ofisi mbili, zinajibizana kama mawifi, lakini mbele ya msikilizaji karatasi ya serikali ina uzito kuliko karatasi ya ndugu.

Sasa mkaguzi. Akiomba kuingia ndani umruhusu? Hili limewatia wengi matatizoni kwa pande zote mbili. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1967, katika kesi ya Camara dhidi ya Mahakama ya Manispaa ya San Francisco, kwamba mkaguzi wa nyumba hawezi kukulazimisha umfungulie bila hati ya hakimu, ukiacha mambo ya dharura. Kwa hiyo kukataa ni haki yako na si kosa. Lakini ukikataa, unabaki na shida ya kuthibitisha kwamba ndani mna maisha. Ukikubali, ataona kitanda na sufuria, na huenda pia akaona waya ulioning'inia besimenti, kengele ya moshi isiyo na betri, na ngazi isiyo na kishikio. Nyumba kuukuu ya mbao haikosi mambo, na makosa mawili matatu yakijumlishwa ni mguu mwingine wa "na". Ushauri wangu: wiki hii, wewe na mumeo pitieni nyumba kwa tochi kama mnaoiuza. Betri za kengele za moshi, taa za ngazi, kishikio, mabomba yanayovuja, milango ya kutokea. Mkishamaliza mwiteni mkaguzi wenyewe, kwa barua, kwa siku mnayochagua. Mtu aliyekaribishwa chai hatembei na macho ya polisi. Na usimchukie. Aliongea nawe kwa upole, na hata wewe ulilisema.

Kwa sababu, tuwe wakweli, sheria hizi hazikutungwa kwa ajili ya kukuonea wewe. Miji mingi ilizitunga au kuzikaza wakati wa balaa la mikopo ya nyumba la mwaka 2007 na 2008, benki ziliponyang'anya nyumba mtaa kwa mtaa kisha zikaziacha. Wezi wakaingia kung'oa mabomba ya shaba. Wasio na makazi wakaingia kuota moto sakafuni, na nyumba za mbao zimejengwa zikitazamana kama wapenzi, moja ikishika jirani hana usalama. Ndipo ada zikapanda. Minneapolis kwa muda mrefu imetoza zaidi ya dola 6,000 kwa mwaka kwa jengo tupu. Washington D.C. imekwenda kwa njia ya kodi: kwa miaka mingi nyumba ya kawaida ilikuwa ikilipa senti 85 kwa kila dola 100 za thamani yake, lililo tupu dola 5, na lililochakaa dola 10. Lakini hata huko D.C. kuna misamaha, kwa mfano nyumba inayokarabatiwa kwa kibali au iliyo katika mirathi. Kwa hiyo soma sheria ya mji wako hadi mwisho, misamaha hukaa chini kabisa. Jirani yako aliyelalamika naye ana lake. Alikuwa akiteleza kwenye barafu mbele ya nyumba yako miezi miwili. Mpelekee kitu. Halua ya Tanga, kama ulirudi nayo, na maneno mawili ya samahani. Halafu, baada ya siku tatu, si siku hiyohiyo, mwombe aandike barua kwamba anawajua na mmeishi hapo tangu 2014.

Mumeo anasema mlipe yaishe. Mwambie Shangazi anasema haishi. Mkilipa bila kupinga mmekubali kwamba nyumba ni tupu, na mwakani ada inarudi, kwa sababu jina linabaki kwenye orodha mpaka mlitoe. Zaidi ya hapo, tazama kama barua inataja daraja. St. Paul ina madaraja 3. La pili linakuzuia kuiuza nyumba au kurudi kukaa hivihivi mpaka wakaguzi wapite chumba kwa chumba, na la tatu ni la yaliyo hatari. Kuna tofauti kubwa kati ya "uko la kwanza" na "uko la pili", na kama hamwezi kushinda yote, kushushwa daraja ni ushindi wa kutosha. Na soma ile ya chungwa mlangoni kwa makini. Karatasi ya kusajiliwa ni kitu kimoja, karatasi ya kupigwa marufuku kukaa ni kitu kingine. Kama ni ya pili, usilale humo hata usiku mmoja mpaka umeuliza, maana utajipa kosa jipya.

Ombi lako liwe na ngazi mbili. La kwanza, jina lifutwe. La pili, wakikataa, ada isimamishwe kwa muda ili mrekebishe yaliyobaki. Nimeona St. Paul ada ikisimamishwa siku 90, na mwenye nyumba akimaliza kazi ndani ya muda huo anatoka bila kulipa. Uliza pia, kwa maandishi, kama rufaa inasimamisha deni wakati shauri linaendelea. Gharama za theluji na plaiwudi zitazame peke yake. Kazi hiyo ilifanyika kweli, na nikikwambia hutalipa nitakudanganya. Pingania ada kubwa, hiyo ndogo mlipe mpate kusema mmelipa.

Kuhusu kuchukuliwa nyumba. Barua hii peke yake haiwezi kuichukua, waambie wenzako wapumue. Njia iko hivi, na ni ndefu: ada isiyolipwa huhamishiwa kwenye kodi ya nyumba, na kodi isiyolipwa miaka ndiyo inayoipoteza nyumba. Kwa kuwa mna mkopo, benki itailipa kabla ya hapo na kuwaongezea kwenye malipo ya mwezi, mkashangaa imepanda kwa nini. Ila usidhani watu hawapotezi. Geraldine Tyler, bibi wa miaka 94, alikuwa na nyumba ya ghorofani Minneapolis. Kodi aliyodaiwa ilikuwa kama dola 2,300, riba na faini zikaifikisha kama dola 15,000. Kaunti ya Hennepin ikaichukua, ikaiuza dola 40,000, na zote ikaweka mfukoni. Mahakama Kuu, majaji wote tisa, mwaka 2023 ilisema kaunti haiwezi kujichukulia kilichozidi deni. Ni hukumu nzuri sana, lakini ona ilimgharimu nini kuipata, na ilikuja wakati nyumba imeshakwenda.

Mlisema barua zilikuja mkiwa hampo. Hilo nalo litaje, kwa sauti ya chini. Katiba ya Marekani inataka mwenye mali aarifiwe kwa njia inayoweza kumfikia kweli. Mwaka 2006, katika kesi ya Jones dhidi ya Flowers, Mahakama Kuu iliona kwamba barua ya rejista ikirudi bila kuchukuliwa, serikali inayotaka kuuza nyumba ya mtu lazima ijaribu njia nyingine inayowezekana. Kesi yako si ya kuuzwa nyumba, na barua zako hazikurudi, zilikaa kwenye sanduku. Kwa hiyo usijenge nyumba juu ya hoja hii. Iweke kama mto wa kuegemea: "Sikuzipata mpaka tarehe fulani, na tangu tarehe hiyo angalieni nilivyokwenda mbio." Mbio zako ndizo zitakazokutetea.

Hao wa postikadi wameipata anwani yenu kwenye orodha hiyohiyo, maana katika miji mingi ni ya wazi na watu wa biashara wanaisoma kila wiki. Wanajua mwenye nyumba aliyeshtuka huuza kwa bei ya kutupa. Usiwajibu, usiseme hata "hapana asante" kwenye simu. Na bima, piga simu uulize, bila kusema uongo, mkataba wenu unasemaje nyumba ikikosa mtu. Mikataba mingi huondoa baadhi ya ulinzi, kama uharibifu wa wahuni, nyumba ikiwa tupu zaidi ya siku 60, mingine 30. Wao kwa kawaida husema "tupu" wakimaanisha haina watu wala vyombo, na vyombo vyako vilikuwemo. Pata jibu lao kwa barua pepe, laweza kukufaa hata mbele ya msikilizaji.

Jambo la mkalimani. Kiingereza chako cha kazini ni kizuri, najua. Ila cha kujitetea ni kingine, na mtu akiwa na uchungu hurudi kwenye lugha ya mama yake. Omba mkalimani mapema, kwa maandishi, na uandike "Kiswahili" wazi. Mimi nimewahi kufika kwenye shauri la mzee mmoja nikakuta wamemletea Msomali, kijana wa watu mwenye adabu, wakaangaliana dakika kumi wakitabasamu. Shauri likaahirishwa mwezi mzima, na mwezi huo ada haikuahirishwa.

Umeniuliza kuhusu kijana. Nitakugombeza kidogo: mlimpa mtoto wa chuo nyumba nzima, theluji ya kaskazini, na sanduku la barua za serikali, kwa malipo ya "shukrani". Mwenye kosa ni yeye, lakini mliomwamini ni nyinyi. Hapokei simu kwa sababu anaona haya. Mumeo ndiye mjomba wake, yeye ndiye aende, amkute chumbani kwake, amwambie hakuna vita. Kwa sababu mnamhitaji. Aliingia ile nyumba mara ngapi? Kama aliingia mara sita, hata mara nne, akawasha taa akatoka, hizo ni siku nne ambazo mji unasema hapakuwa na mtu. Simu yake ina picha, ina ujumbe aliowatumia, "mjomba nimepita leo". Aandike karatasi moja, asiongeze hata siku moja asiyokwenda, atie sahihi, aje nayo siku ya shauri na aketi pembeni yako. Uongo mmoja mdogo wa kijana utachafua bili zako zote za gesi.

Siku yenyewe utapewa dakika chache tu. Anza na dirisha, kwa picha mbili. Kisha maji, kwa nini uliyafunga. Kisha ile karatasi ya kodi ya kaunti. Mama umtaje mara moja, kwa cheti, usikae hapo sana, maana nakujua hutamaliza. Ukitaka kulia, lia kwenye gari ukishatoka. Na ile karatasi ya chungwa usiibandue mpaka uamuzi utoke, hata ikikukera kila ukifungua mlango. Nimeshaona mtu akiongezewa kosa kwa gundi tu.

Nipigie ukitoka.